Upande Anaokaa Keza

Toongabbie, Sydney
16 Februari 2025

Dada Koku, shikamoo.

Sianzi na "salamu nyingi zikufikie popote ulipo, natumaini u mzima wa afya". Wewe umewafundisha watoto wa Bukoba barua hiyo miaka thelathini, na mimi nakwambia tena: barua ya namna hiyo huandikiwa mtu ambaye huna la kumwambia. Mimi ninalo.

Kwanza funga mlango. Umefunga? Haya. Ndiyo maana sitaki mambo ya simu. Ukinitumia sauti, Brigitha anaisikia akiwa jikoni, kuta za hapa ni nyembamba mno. Nikikutumia mimi, unaiweka mezani wajukuu wote wa Kashai waisikilize. Karatasi haina sauti.

Jicho langu la kushoto linakufa. Lilianza mwaka juzi, ukungu pembeni, nikadhani ni miwani. Sasa nikifumba la kulia naona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Hata nikiyafungua yote mawili, kushoto kuna pengo. Sijamwambia mtu. Brigitha ni nesi. Nikimwambia leo, kesho niko hospitali na keshokutwa sina leseni.

Na leseni, dada, ndiyo kazi niliyobaki nayo hapa duniani. Brigitha anaondoka alfajiri kwenda kuwahudumia wazee wa watu, mumewe Égide anakwenda kwenye maghala ya Wetherill Park, na mimi ndiye ninayempeleka Keza shule na kumrudisha. Miaka arobaini nimeendesha lori la kahawa, Bukoba mpaka Dar. Leo naendesha Corolla nyeupe mwendo wa dakika saba na mtoto wa miaka saba, na nakuapia nina raha kuliko zamani. Niondolee hiyo nibaki mzee wa kwenye kochi, wa kuulizwa "Baba, umekula?"

Sasa cheka. Mwezi uliopita leseni yangu iliisha muda, nikaenda kuibadilisha. Pale kaunta wanakupima macho. Unakumbuka sisi madereva wa zamani tulivyofanya? Aliyetangulia akitoka anakuimbia herufi za ubaoni, unazikariri, unaingia unazisoma hata ukiwa umefumba. Basi nikajipanga nyuma ya mama mmoja mwenye sauti ya kwaya. H, V, Z, D, S. Zamu yangu ilipofika nikafunika la kulia nikazitiririsha bila kusita. Binti wa kaunta akanipongeza! Mwakani nikitimiza sabini na tano watataka cheti cha daktari, lakini mwakani ni mbali.

Si yote ya kucheka lakini. Wiki hii, siku ya kutoa mapipa ya taka, niligonga pipa la jirani kwa ubavu wa kushoto. Sikuliona kabisa. Saitimira ikavunjika, Keza akapiga ukelele kule nyuma. Nikamnunulia aiskrimu nikamwambia hii ni siri yetu, akasema, "No worries, Babu." Nyumbani nikadanganya kwamba mtu amenigonga kwenye maegesho ya dukani, wakaniamini.

Wewe peke yako ndiye unayejua. Tangu utoto, ukisema umefunga, umefunga. Funga na hili. Naogopa, Koku, na siwezi kumwambia mwingine kwamba naogopa.

Wako,
Ani


Kashai, Bukoba
8 Machi 2025

Ani mdogo wangu, marahaba.

Nimefunga mlango kama ulivyoagiza, nikaisoma mara tatu. Na uache kuisimanga barua yangu ya darasa la nne. Walioiandika vizuri leo ni wakurugenzi. Wewe uliyeikataa umegonga pipa.

Hizo herufi nimezicheka mpaka mama wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaacha kucheka. Pole sana na jicho. Marehemu baba naye alianza hivyohivyo, akawa anamimina chai nje ya kikombe na sisi tunadhani ni pombe. Waitu, mdogo wangu, ningekuwa karibu ningekushika mkono.

Nina swali moja dogo, unijibu. Hilo gari lako, Keza hukaa upande gani?

Huku mvua zimeanza, ndizi zinanenepa, bati la jikoni linavuja palepale ulipoliziba mwaka ule kwa lami ukaniambia halitavuja tena. Fundi wewe!

Jambo jingine. Brigitha anasema anataka kuwatoa mwende mjini Jumapili moja, familia nzima, kwa treni, na wewe unagoma, unasema dereva habebwi. Acha ubishi. Umekaa Sydney miaka sita na mji hujauona, umeona taa za nyuma za gari lililokutangulia. Nenda. Ukae dirishani. Usidai kuendesha, usinung'unike, na uniandikie kila kitu, maana mimi sitafika huko.

Kuhusu siri yako, mimi ni dada yako, Ani. Lolote nitakalofanya nitalifanya kama dada yako.

Koku


Circular Quay, Sydney
Jumapili, 30 Machi 2025

Dada Koku,

Barua yako imefika Ijumaa, na mimi ni mtu wa kusikia la mkubwa, basi leo nimepanda treni. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi mbele ya gati za feri, karatasi juu ya goti. Keza na mama yake wamekwenda kununua chipsi. Samahani kwa mwandiko.

Usidhani sikubisha. Nilimwambia Brigitha, toa funguo, niwapeleke. Akasema mjini maegesho ni balaa na Jumapili nauli ni nafuu. Égide naye ilikuwa aje, asubuhi akasema, "Papa, mwende tu, mie kuko kazi," ati wamemwita zamu ya ghafla Wetherill Park. Mkwe wangu hana bahati.

Pale stesheni ya Toongabbie Brigitha akanipa bahasha. Ndani mna kadi ya nauli, ya wazee, rangi ya dhahabu. Unaigusisha kwenye mashine, inalia, unapita. Akasema, "Baba, kwa hii utakwenda popote." Na machozi yakamlengalenga, dada! Nikamwambia, mwanangu, kadi ya treni nayo ni ya kulilia? Akanikumbatia mbele ya watu. Nimelea vizuri, jamani.

Treni za hapa ni za ghorofa. Nikapanda juu. Mgongo wa kiti unausukuma unageuka, mkawa mnatazamana kama mko sebuleni. Nimekaa juu kuliko nilivyokaa kwenye lori. Tukapita Parramatta, tukapita Granville, tukapita Strathfield, na magari kule chini yamesongamana, nikayahurumia. Ila mguu haukukubali. Kila stesheni ikikaribia mguu wangu wa kulia unakandamiza sakafu kutafuta breki. Keza akaona, akanicheka, kisha naye akaanza kukandamiza. Tumeisimamisha treni wawili sisi mpaka Central.

Halafu feri mpaka Manly, halafu basi la kupanda kilimani. Sasa sikiliza hili. Watu wa hapa wakishuka basi wanamwambia dereva asante. Kila mtu! Bibi, mtoto, hata kijana aliyejitoga pua. Mimi nilishuka wa mwisho, nikamwambia kwa Kiswahili, "Asante, dereva mwenzangu." Akanipungia mkono. Miaka arobaini nimebeba kahawa, na kahawa haisemi asante.

Uliuliza Keza hukaa upande gani. Nyuma, kushoto. Nimemweka huko kwa usalama wake, maana ndio upande wa njia ya miguu, akishuka hakuna gari la kumpitia. Swali la ajabu, lakini umeuliza nami nimejibu.

Nilitaka turudi saa tisa. Brigitha anasema tusiharakishe, tupande na feri nyingine. Simu yake inalia kila mara, anaisoma, anaificha. Mapenzi hayo, mume kazini na mke matembezini. Nimeona sanduku la posta jekundu ng'ambo ya barabara, naitumbukiza hii kabla hatujapanda.

Leo nimefurahi, Koku. Siku zote niliamini bila usukani mimi si mtu. Leo nimeshinda bila usukani na mtu nimekuwa. Nimeanza kufikiri, labda mwisho wa mwaka, nimpe Brigitha funguo mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla ya huyo daktari. Hili nalo ni siri. Nataka nimshtukize.

Wako,
Ani


Toongabbie, Sydney
1 Aprili 2025

Kokugonza,

Barua ya feri itakufikia kabla ya hii, au pamoja nayo. Ichome bila kuisoma. Aliyeiandika alikuwa mjinga.

Tulirudi jua likikaribia kuzama, nimembeba Keza mgongoni kutoka stesheni, amechoka. Pale kwenye kibanda cha gari hakuna gari. Kuna doa la oili, na kile kiti cha Keza cha kwenye gari kimewekwa chini, kimefutwa vumbi. Nikapiga yowe la mwizi. Ndiyo, mimi, katikati ya mtaa wa Wazungu, "Mwizi! Mwizi jamani!" mpaka yule jirani mwenye pipa akatoka. Égide naye akatoka, kutoka ndani, amevaa ndala. Nikaangalia viatu vyake vya kazi. Viko kwenye rafu, kamba zimefungwa vizuri. Hakwenda kazini. Alibaki kumsubiri mnunuzi kutoka Quakers Hill aje alichukue gari langu, na mkewe huku ananizungusha majini mpaka wamalize.

Brigitha akanishika mkono. "Baba, ingia tuongee." Nikamwambia nitaongea nini na wezi? Akasema, ni jicho, Baba. Nikakana. Nikasema macho yangu yamepimwa na serikali. Ndipo mwanangu akasimama pale jikoni akazitaja, moja moja, bila kunitazama. H. V. Z. D. S.

Nilikaa chini, dada. Herufi hizo nimeziandika mara moja tu maishani mwangu, kwenye karatasi iliyokwenda Bukoba.

Kumbe! "Nenda, ukae dirishani, usidai kuendesha." Kumbe! "Keza hukaa upande gani?" Na mimi bwege nikajibu, tena nikajisifu. Ulikuwa unanihoji kama askari na mimi nadhani ni dada yangu anapiga soga. Na kadi ya dhahabu sasa nimeielewa. Walinipa kadi kwa mkono huu, wakachukua funguo kwa mkono ule. Yale machozi ya stesheni niliyashukuru, Koku. Nilimshukuru Mungu kwa machozi yale.

Ungeniandikia tu, "Ani, acha gari." Ningekutukana. Ningenuna wiki tatu. Kisha ningeacha, unanijua. Na nilikuwa nimekwisha anza kuacha, kwa hiari yangu, siku ileile, kwenye benchi lile. Mmeninyang'anya kitu ambacho tayari nilikuwa nawapa.

Gari ni bati, na bati silililii. Ninalolilia ni kwamba nilikuwa na mtu mmoja duniani wa kumwambia ninapoogopa. Mmoja. Sikumwambia padri, sikumwambia mwanangu, nilikwambia wewe, na wewe ukaniuza kabla hata wino haujakauka. Umeniumiza kuliko jicho.

Anicet


Kashai, Bukoba
25 Aprili 2025

Ani,

Barua zako zote mbili zilikuwa sandukuni siku moja. Sikuchoma. Nilianza na ya hasira kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu, nikasema sawa, nilijua itakuja. Kisha nikasoma ya feri. Hiyo ndiyo iliyonilaza kitandani siku mbili.

Sitakuficha tena. Unadhani kosa langu ni kusema. Ni zaidi ya hapo. Nilimpigia Brigitha siku ileile barua ilipofika, chai yangu haijapoa. Akalia. Alitaka akuombe funguo mezani, baada ya kula, kwa heshima. Mimi ndiye niliyemkataza, mimi shangazi yake. Kwetu mtoto hamnyang'anyi baba yake kitu mkononi. Ukikasirika ukatamka neno, neno la baba humkaa mtoto mpaka kaburini, na wewe ukikasirika unatamka. Nikamwambia, mtoe nyumbani. Mpandishe treni, mpandishe na chombo cha majini, mweke juu anapopenda kukaa. Akirudi gari liwe limekwenda, asiwepo wa kumtolea neno. Mji ambao sijawahi kuuona nimepanga safari yake nikiwa nimekaa hapa kwenye mkeka wangu. Hata kadi ni mimi niliyesema akupe kitu mkononi usirudi mtupu.

Siri ulinipa mimi dada yako. Lakini siku ya kumwoza Brigitha mlinikalisha mbele ya watu mkasema, huyu ndiye shangazi, mambo mazito yapitie kwake. Hamkuniambia nifanye nini siku dada na shangazi wakigombana ndani ya mtu mmoja. Nikamchagua mtoto. Upande usiouona ndio upande anaokaa Keza, Ani. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe, "kwa usalama wake". Na kama badala ya pipa lingekuwa lori?

Kwa kusema, siombi radhi. Ningesema tena kesho asubuhi. Naomba radhi kwa kutokukusubiri. Sikujua kwamba ungeweza kuacha mwenyewe. Nimekuwa dada yako miaka sabini na minne na hilo sikulijua, na linanitafuna.

Nijibu. Tukana, lakini nijibu.

Dada yako,
Koku


Kashai, Bukoba
30 Juni 2025

Ani,

Miezi miwili. Naenda posta kila Jumatatu na kila Alhamisi. Yule mama wa dirishani akiniona tu kwenye ngazi anatikisa kichwa, ananiokolea hatua. Nikimpigia Brigitha nikaomba nikusikie sauti, ananiambia umelala. Mchana? Wewe uliyekuwa unaendesha kutoka Nyakanazi mpaka Dodoma bila kusinzia?

Nimekuwekea kahawa ya kutafuna, ya Kamachumu, ile unayoipenda. Sijui nimpe nani ailete.

Koku


Toongabbie, Sydney
20 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Nimeamua kukuandikia kama mnavyofanya ninyi, maana kwenye simu nikianza tu nalia na Baba yuko chumba cha pili. Nisamehe Kiswahili changu cha kuandika.

Baba haongei na mimi. Anaongea kupitia kwa Keza. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." Keza anageuka, "Mum, we're out of salt," na mimi niko palepale mezani, nimeshasikia. Égide anamwamkia kila asubuhi, "Papa, umeamka salama?" Baba anaongeza sauti ya redio.

Keza sasa Baba anampeleka shule kwa miguu, mwendo wa dakika ishirini na tano, mvua au jua. Mtoto hukaa kushoto kwake na kumshika mkono. Nikamuuliza, nani amekufundisha kukaa upande huo? Akanijibu kwamba huo ndio upande Babu haoni. Shangazi, alijua! Tangu siku ya pipa alijua, akapanda gari lile kila asubuhi, akanyamaza kwa sababu Babu alimwomba. Sikulala nikifikiri hilo.

Akishamwacha shule, Baba anachukua ile kadi ya dhahabu anapanda treni, harudi mpaka saa ya kumchukua mtoto. Nilidhani anazunguka tu kwa uchungu. Wiki jana nikapigiwa simu kutoka kliniki moja ya macho mjini, amesahau kofia yake huko. Kumbe amekwenda mara nne, peke yake, na akamwambia daktari kila kitu. Nesi akadhani najua, akanieleza. La kushoto limekwisha, halirudi. La kulia nalo limeanza, presha ya macho imelifikia, lakini akitia dawa kila siku linaweza kusalimika. Dawa nimeziona kwenye friji, amezificha ndani ya kopo la siagi. Hajaniambia neno, nami sithubutu kusema najua. Tafadhali usimwambie kwamba nimekwambia.

Shangazi, ulisema tukifanya vile tutakwepa laana. Hakunilaani. Afadhali angenilaani, nikapiga magoti nikalia, akanisamehe, yakaisha. Sasa nitamwomba nini mtu ambaye hajasema kitu?

Mwanao,
Brigitha


Kashai, Bukoba
15 Agosti 2025

Ani mdogo wangu,

Leo sina maneno makali. Nimezeeka tangu Aprili, hata kalamu imekuwa nzito.

Nakuuliza jambo moja tu, kama zamani. Macho yanaendeleaje? La kushoto, na la kulia pia. Umemwona daktari? Amekwambia nini? Na usiku unaogopa, au umezoea?

Nimefunga mlango, Ani. Safari hii nimefunga kweli. Utakachoniandikia nitakisoma, nitakichoma, nitakwenda nacho kaburini, hata Brigitha alie mbele yangu machozi ya damu. Ukitaka nile kiapo, nitakula. Nina miaka sabini na saba, sijui nimebakiza barua ngapi za kusoma kutoka kwako. Niandikie mstari mmoja wa kweli. Mmoja unanitosha.

Dada yako anayekupenda,
Koku


Toongabbie, Sydney, Australia
14 Septemba 2025

Mpendwa Dada Kokugonza,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na shughuli zako za kila siku. Ama kuhusu mimi, sijambo, naendelea vizuri na maisha ya hapa.

Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba barua zako zote zimenifikia salama, nami nashukuru.

Hali ya hewa huku ni nzuri. Baridi imekwisha na miti imeanza kuchanua. Brigitha, mumewe na mtoto hawajambo, wanakusalimu sana. Keza anafanya vizuri shuleni. Treni zinafika kwa wakati.

Umeuliza kuhusu macho. Macho yote mawili hayajambo.

Sina la ziada. Nisalimie wote wanaonifahamu.

Ni mimi ndugu yako,
Anicet